Bi Pia Zurfluh na Jumanne za Kaspar

Tarehe 31 Oktoba, pazia la dirisha namba moja katika stesheni ya Rietmatt litateremshwa kwa mara ya mwisho na mkono uleule uliolipandisha kwa miaka thelathini na minane. Bi Pia Zurfluh anastaafu. Kamati ya jarida hili la wafanyakazi wa reli imenipa mimi kazi ya kumwandika kwa sababu dirisha namba mbili ni langu, na kati yetu muda wote huo kulikuwa na kioo kimoja tu na chungu cha ua ambalo halijawahi kuchanua. Niliambiwa niwe mchangamfu na nisizidishe kurasa mbili. Nitajitahidi, ila sitoi ahadi.

Aliingia kazini siku za tiketi za kadi ngumu, zile zilizogongwa tarehe kwa mashine ya chuma iliyotikisa meza nzima. Akapita enzi ya kompyuta ya kwanza, ambayo ilizimika kila upepo wa kusini ulipovuma bondeni. Anamaliza katika zama ambazo watu hununua tiketi kwenye simu wakiwa kitandani, halafu asubuhi wanakuja kwake kumuuliza wamenunua nini. Zote hizo alizipokea vilevile, miwani puani na mkate wake wa njugu wa saa tatu ukiwa tayari kwenye droo. Ole wako umsemeshe kabla hajaumaliza.

Sisi watu wa bonde hili la Uri, hapa Uswisi, tuna mkono wa birika. Sitoi tusi, maana na mimi ni mmoja wao. Kulipa nauli kamili huku kwetu ni aibu. Mtu akisikika amelipa, mkewe ataulizwa kanisani kama mzee anaumwa. Ndiyo maana kuchagua tiketi ni shughuli nzito kama kuchagua mchumba. Iko kadi ya nusu nauli, ambayo karibu kila mtu anayo. Ziko tiketi za mapema, rahisi kuliko zote, ila zimefungwa kwenye treni moja ya siku moja: ukiikosa treni hiyo, tiketi nayo imekwenda. Na iko kadi ya mwaka, ambayo unapanda nayo treni yoyote nchini, siku na saa uitakayo, lakini bei yake humfanya mwanamume mzima atafute kiti.

Bi Pia aliyaona yote yanayotokana na hesabu hizo. Wapo aliowaita wakamuaji, wale ambao kadi yao ya mwaka ikikaribia kwisha hupanda na kushuka treni mpaka Luzern bila safari yoyote, ili tu kadi ijilipe. Alikuwapo mama mmoja aliyemkatia mbwa wake kadi ya mwaka na kumwacha mumewe na nusu nauli, akaeleza kwamba mbwa ndiye anayependa kutoka. Na mzee Baptist Gamma na mkewe, bila kuambiana, walijinunulia kila mmoja tiketi ya mapema ya kwenda Lugano kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Treni zilipishana saa nzima. Hakuna aliyekubali tiketi yake ipotee, kwa hiyo mzee akatangulia peke yake na suti yake, na mama akabaki jukwaani akimpungia mkono. Walituambia baadaye kwamba hawajawahi kusafiri kwa amani kiasi kile.

Kwa wateja wa namna hii Bi Pia alikuwa na kauli moja: "Mimi nauza, siamui." Alikusikiliza safari zako zote, unamtembelea nani, mara ngapi, na kwa nini mara hizo tu. Alikuonyesha kila njia itakavyokuwa. Kisha akakunja mikono akakuacha. Hata ukimsihi, "Lakini wewe ungechukua ipi, Pia?" alikuwa akitazama saa ya ukutani. Wengi walimwona ni mkavu. Kisa chenyewe ni kwamba mwaka wake wa kwanza alimshauri binti mmoja, mwenye mchumba Geneva, achukue kadi ya mwaka kwa kuwa ndiyo itakayomfaa. Mchumba akamwacha kabla kadi haijakunjika hata pembe. Binti akarudi dirishani nayo, akalia pale mpaka kioo kikaingia ukungu. Tangu siku hiyo Bi Pia aliapa kutotia mdomo wake katika mwaka wa mtu.

Ninavyojua, alikivunja kiapo hicho mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo sababu ya mimi kukubali kuandika. Kaspar Indergand mwenyewe ameniruhusu.

Kaspar ni mtengeneza jibini wa Oberrieti, nyumba ya mwisho kabla ya mawe kuanza. Alisoma darasa moja na Bi Pia. Mkewe, Theres, alikuwa mwanamke wa kutunza kila kitu. Karatasi ya zawadi aliipiga pasi akaiweka kwa zawadi nyingine. Miaka tisa iliyopita aliugua, akapelekwa hospitali Bern, na ilikuwa imeshajulikana kwamba harudi. Kaspar asingeweza kuhamia huko, maana ng'ombe hawajui habari za hospitali, wanataka kukamuliwa asubuhi na jioni. Shemeji yake aliweza kumshikia kazi Jumanne tu. Basi siku moja, ng'ombe walipokwisha kuteremshwa kutoka malisho ya juu, Kaspar alikuja dirisha namba moja na kofia mkononi.

"Nataka Jumanne zote," alisema. "Zote mpaka Krismasi. Zile za mapema."

"Treni ileile kila wiki?"

"Ileile. Ile ya baada ya kukamua."

Bi Pia alianza kubonyeza, kisha akaacha. Mimi nilikuwa sina mteja, kwa hiyo nilijifanya napanga ratiba.

"Kaspar, na ukipigiwa simu Jumatano?"

"Hawatapiga."

"Na wakipiga je?"

Kaspar akaegemea kaunta. Sauti aliishusha, lakini sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe haishuki sana. "Wewe si unamjua Theres? Umewahi kumwona akiacha kilicholipiwa kiharibike? Yule anamaliza mkate wa juzi ndipo anakata wa leo. Nikimwonyesha tiketi ya Jumanne ijayo, imeshanunuliwa, hairudishwi, atakaa aningoje. Nikifika, namwonyesha ya Jumanne inayofuata. Hivyohivyo. Nitamvusha."

Nilitazama chini. Nimeuza tiketi kwa watu wa kila namna, lakini sijawahi kusikia mtu akinunua uhai wa mkewe kwa bei ya punguzo, tena akiamini ameupata kwa nafuu. Na kwa jinsi nilivyomfahamu Theres, sikuweza kusema moja kwa moja kwamba alikosea.

Bi Pia alivua miwani. Hapo nilijua kuna jambo, maana bila miwani haoni hata kioo kilicho mbele yake.

"Chukua kadi ya mwaka," alimwambia. "Ukiwa nayo, simu ikilia unapanda treni ya kwanza inayotokea. Hizi tiketi zinakufunga wewe, Kaspar. Theres hazimfungi."

Uso wa Kaspar ulibadilika. "Nimekuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Kadi ya mwaka ni ya watu wenye mwaka, Pia. Sisi hatuna. Daktari ameshatupasulia ukweli. Sisi tuna Jumanne." Akagonga kaunta kwa kidole. "Uza, usiamue. Si ndiyo hadithi yako kila siku? Uza basi."

Bi Pia akauza. Kaspar alizipanga tiketi zake mfukoni, akatoka bila kuaga. Kuanzia hapo, kila Jumanne alipita mbele ya dirisha letu akiangalia upande wa pili, kwenye mashine ya peremende, kana kwamba ndiyo aliyosoma nayo darasa moja. Bi Pia aliumia. Mkate wa njugu ulikaa kwenye droo mpaka jioni, nikaula mimi. Aliwahi kuniambia, "Linus, nimemwambia mtu mkewe atakufa siku isiyo yake, na sikuwa na haki." Nikamjibu kwamba alisema kweli. Akasema kweli siyo aliyoifuata Kaspar stesheni.

Theres alingoja. Hilo lazima niliandike, kwa heshima yake. Jumanne kwa Jumanne alingoja, wiki baada ya wiki, kupita muda ambao madaktari walimpa. Kaspar alikuwa akirudi kwa treni ya jioni na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja. Theluji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye reli. Kwaya ya wastaafu ilikuwa imejaa ofisini, inakwenda Locarno, na kiongozi wao alitaka kujua kama nusu nauli inahesabiwa kabla ya punguzo la kikundi au baada yake, na kama ni kabla, kwa nini si baada. Foleni ilifika mlangoni. Mwisho wa foleni hiyo alisimama Kaspar na mabuti ya zizini, bila koti, kofia mkononi. Hospitali ilikuwa imempigia simu. Alimwachia jirani ndoo akateremka mbio mlima mzima, na alipofika stesheni akafanya kile ambacho baba yake angefanya, na mimi ningefanya, na kila mtu wa bonde hili angefanya: akasimama nyuma ya wa mwisho, akangoja zamu yake. Mkononi alikuwa na tiketi ya Jumanne.

Treni ya Luzern ilikuwa imeshaingia jukwaani. Mashine ya tiketi ilikuwa pale nje, lakini Kaspar alikuwa hajawahi kuigusa. Kupanda bila tiketi hakukumjia kichwani kabisa, kama ambavyo kusingemjia kuiba kengele ya kanisa. Na kusema, "Jamani, mke wangu anakufa, nipisheni," ndiyo kabisa asingeweza. Mambo hayo hatusemi mbele za watu. Angesimama pale kwa adabu mpaka treni iondoke.

Bi Pia aliinua macho ili amjibu kiongozi wa kwaya, akaona mabuti. Sijui kama niliwahi kumwona akiinuka haraka hivyo. Pazia la dirisha namba moja lilishuka katikati ya sentensi ya yule bwana, akabaki kinywa wazi. Bi Pia alipita mlango wa pembeni, akamshika Kaspar mkono.

"Twende."

"Sina tiketi, Pia."

"Najua."

"Hii ni ya Jumanne."

"Nimeiuza mimi, Kaspar, najua ni ya nini. Twende!"

"Kuna watu mbele yangu..."

"Watapita ukishapita wewe, Kaspar!" Alisema hivyo kwa sauti iliyofanya kwaya nzima igawanyike pande mbili.

Niliwaona kupitia dirishani. Kondakta siku hiyo alikuwa Seraina Caduff, ameshapuliza filimbi. Aliniambia baadaye kwamba alimtazama yule mzee wa mabuti, akaitazama tiketi ambayo bado alikuwa amemnyooshea, akafungua mdomo kumwambia leo ni Alhamisi. Kisha akamtazama Bi Pia. "Anakwenda kwa mkewe," Bi Pia alisema. "Andika jina langu popote unapotaka." Seraina hakuandika kitu. Alisema, "Pandeni basi, nachelewesha reli nzima ya Gotthard," akawashikia mlango.

Alisema pandeni, si panda, na Bi Pia akapanda. Alikuwa na shati la kazi tu na kalamu sikioni. Ameniambia hakukusudia, ila alikumbuka kwamba Luzern kuna kubadili treni, na kwamba Kaspar akiachwa peke yake atatafuta foleni nyingine asimame. Na kweli, Luzern alisimama. Njia yote, kila mlango wa behewa ulipofunguka, alikuwa akiinyoosha ile tiketi ya Jumanne, na Bi Pia alikuwa akimshusha mkono taratibu.

Mimi nilibaki na kwaya. Mkuu wa stesheni wa wakati ule alitoka chumbani kwake kuuliza dirisha namba moja limepatwa na nini.

"Bi Pia amekwenda na mteja," nilimjibu.

"Amekwenda naye wapi?"

"Bern."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyempeleka. Bi Pia alipewa onyo kwa kuacha dirisha saa za kazi, akalipokea, akasema ni haki yake kuonywa. Nauli za siku ile alizilipa mwenyewe.

Yaliyotokea Bern alinisimulia mara moja tu, tukifunga ofisi, na hajayarudia. Alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia. Kaspar aliingia na mabuti yake. Theres alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akamtazama mumewe kwa muda, akayatazama na mabuti.

"Leo si Jumanne," alisema.

"Si Jumanne, ndiyo."

"Basi umelipa nauli yote." Hakuwa na nguvu ya kukunja uso, lakini Bi Pia anasema ungeona alivyotaka kuukunja.

Kaspar alikuwa hajawahi kumdanganya yule mwanamke. Aligeuka akamtazama Bi Pia pale mlangoni, kama mtu anayetafuta neno alilowahi kulisikia. Kisha akamgeukia mkewe.

"Sikulipa," alisema. "Nina kadi ya mwaka."

Theres akauliza, "Ya mwaka mzima? Wewe?"

"Mzima."

Alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, pumzi haikutosha, lakini alicheka, na alipomaliza alimshika mumewe kidole. "Basi usije ukailaza kwenye droo, Kaspar. Itembeze."

Alikufa jioni ile ile, Kaspar akiwa ameketi ubavuni pake. Bi Pia alikuwa kwenye benchi la korido, maana hakujua aende wapi, na wakarudi pamoja asubuhi.

Baada ya mazishi Kaspar alikuja stesheni akapanga foleni dirisha namba moja. Mimi sikuwa na mtu, ningeweza kumhudumia, lakini hakuniangalia hata kidogo. Alipofika mbele alisema, "Kadi ya mwaka." Bi Pia hakumuuliza anakwenda wapi, wala mara ngapi, wala kama amehesabu vizuri. Alimuuliza tu kama ana picha ya kubandika kwenye kadi. "Nilimwambia Theres kadi ninayo," Kaspar alisema, na Bi Pia akasema, "Ndiyo, nilisikia." Akaanza kubonyeza. Mimi niliondoka kwenda kutazama kama jukwaa namba mbili lipo mahali pake.

Kaspar aliitembeza. Kila Jumanne ya mwaka ule, shemeji akikamua, alipanda treni asubuhi akaenda alikokwenda: Locarno, Sankt Gallen, ziwani Geneva, mahali ambapo yeye na Theres hawakuwahi kufika kwa kuwa siku zote ilikuwa ni ghali. Hakupiga picha wala kuleta zawadi. Alikuwa akishuka jioni, anavua kofia mbele ya dirisha namba moja, anapita. Siku hizi hivyo ndivyo anavyosalimia.

Hapa jarida hutaka orodha ya mafanikio. Bi Pia ana medali ya miaka ishirini na mitano, ana cheti cha mfumo mpya wa tiketi ambao aliuchukia kwa moyo wote na kuujua kuliko waliouleta, na hajawahi kukosea chenji. Lakini mimi naona kubwa ni hili. Tangu Alhamisi ile, mtu akitaka tiketi za mapema kwa mgonjwa, ofisi yetu nzima inamuuliza, "Na ukipigiwa simu?" Swali hilo halipo katika mwongozo wowote wa kazi. Wengine hukasirika, kama alivyokasirika Kaspar. Tunauliza hivyohivyo, halafu tunawauzia wanachotaka.

Bi Pia, wenzako wa Rietmatt wanakushukuru. Nakushukuru mimi zaidi, niliyekaa upande wa pili wa kioo nikidhani najifunza kuuza tiketi. Pumzika, amka jua likishatoka, ule mkate wako wa njugu saa yoyote bila mtu wa kukukatiza, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na yenye afya. Ua nitalimwagilia. Sherehe ya kukuaga itafanyika ukumbi wa parokia Jumamosi, na makaroni ya jibini, yale ya wachunga ng'ombe wa mlimani, yatakuwapo ya kutosha.

Nilipokuwa naandika haya nilipanda mpaka Oberrieti kumuuliza Kaspar kama angependa kuongeza neno. Katika miaka yote hii tisa hajawahi kumshukuru Bi Pia. Kila mwaka humletea robo ya jibini, anaiweka kaunta, anaondoka kabla hajajibiwa. Tuliketi sana jikoni. Nikaanza kuvaa viatu niondoke, ndipo akaniita nikiwa mlangoni.

"Andika kwamba nilifika," alisema. "Yeye ataelewa. Andika tu kwamba nilimkuta yuko hai."

Linus Furrer, dirisha namba mbili